Utafiti wa FEAST, wa maji ya haraka kwa watoto wenye homa, ulifanyika hata Muheza, ng'ambo ya maji tu. Imekuwaje unifikie Pemba baada ya miaka yote hii?

#1 Zamu ya Usiku

Assalaam alaykum wanajamvi.

Mimi ni afisa tabibu, nafanya kazi Pemba, kituo sikitaji. Wiki iliyopita nikiwa zamu usiku aliletwa mtoto wa miaka mitatu. Homa siku ya pili, miguu baridi mpaka magotini, anahema kwa kasi, haharishi wala hatapiki. Nikafanya nilivyofundishwa: kanula, salaini (dripu ya maji ya chumvi), mililita 20 kwa kila kilo, nikafungua mpira mpaka mwisho, matone yakawa mchirizi. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini daktari kijana aliye mafunzoni alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini mama asisikie: "Kaka, huyu si ndiye mtoto wa FEAST?"

Sikujua anasema nini. Nilipotoka zamu sikulala, nimesoma mpaka adhuhuri. FEAST ni jina la jaribio la tiba: watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, Kenya, Uganda na Tanzania. Kundi moja lilimwagiwa salaini haraka, la pili albumini (maji yenye protini ya damu) haraka, la tatu halikumwagiwa, lilipewa maji ya kawaida ya kujikimu tu. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.5 wa salaini, 10.6 wa albumini, na 7.3 wa wale walioachwa bila maji ya haraka. Jaribio likasimamishwa Januari 2011 kabla ya kufika idadi iliyopangwa. Matokeo yalitoka Mei mwaka huo, miezi minne kabla ya kuzama meli ya Spice Islander.

Na hospitali ya Tanzania iliyoshiriki ni Teule, Muheza. Muheza! Mtu anapanda boti Wete, anashuka Tanga, gari chini ya saa moja yuko pale.

Swali langu kwenu mlio kwenye vyumba vya dharura, Unguja na Pemba: imekuwaje? Na nyinyi mnafanyaje ili mambo kama haya yasiwapite? Sitaki kumlaumu mtu. Nataka kujua.

#2 Karafuu Kavu

Wa alaykum salaam. Jibu ni moja, yakhe: gharama. Makala za majarida makubwa zimefungwa, ukitaka kusoma unaambiwa ulipe dola kadhaa kwa makala moja. Kisha zote kwa Kiingereza cha kitabibu. Nani mwenye mshahara wetu atanunua karatasi wakati mtoto anadaiwa ada ya madrasa?

#3 Bi Mkubwa wa Wadi

Karafuu Kavu mwanangu, la fedha ni kweli lakini halitoshi. Mimi nimekaa wadi miaka 31, sasa nimestaafu. Karatasi nilikuwa nazo. Kilichonishinda ni amri.

Kulikuwa na kawaida ya kumchoma steroidi kila aliyeumia kichwa, ati kupunguza uvimbe wa ubongo. Mwaka 2004 likatoka jaribio la CRASH, wagonjwa 10,008. Waliochomwa walikufa asilimia 21.1 ndani ya wiki mbili, wasiochomwa 17.9. Mgeni mmoja aliniachia nakala. Mimi niliendelea kuchoma sindano ile miaka kadhaa baadaye, kwa vijana walioanguka mikarafuu msimu wa kuchuma, kwa sababu imeandikwa kwenye faili. Siku moja nilimwonyesha daktari wa zamu ile nakala. Hakuifungua. Akaniambia, "Bi, wewe choma, mimi ndiye nitakayeulizwa."

Mmoja wa vijana wale namkumbuka mpaka shati lake, la mistari ya buluu, lina harufu ya karafuu mbichi. Sisemi alikufa kwa sindano yangu, hilo halijui mtu. Nasema nilikuwa nayo karatasi mfukoni nilipomchoma.

#4 Kijana wa Dharura

Shikamoo Bi Mkubwa. Ahsante kwa kuliandika hilo.

Mimi nasomea udaktari bingwa wa dharura, Dar. Kabla mada haijaenda mbali nataka kuzuia hatari moja, maana uzi huu utasomwa na watu wengi: FEAST HAIKUHUSU mtoto anayeharisha. Watoto wenye kuharisha na kutapika kulikowakausha, wenye utapiamlo mkali, walioungua na walioumia hawakuingizwa. Mtoto wa kipindupindu anataka maji, na anayataka haraka: mililita 100 kwa kilo. Aliyevuka mwaka mmoja, 30 za mwanzo kwa nusu saa, 70 zinazobaki kwa saa mbili na nusu. Mchanga wa chini ya mwaka, saa moja kisha saa tano. Asije mtu akasoma hapa akamnyima maji mtoto aliyeingia macho ndani.

La pili, Zamu ya Usiku usijihukumu sana. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilibadili mwongozo wake wa watoto mwaka 2016, miaka mitano baada ya FEAST. Sasa maji ya mshtuko hupewa mtoto mwenye dalili ZOTE tatu: mikono na miguu baridi, mapigo dhaifu yaendayo mbio, na ukibana kidole rangi inachukua zaidi ya sekunde tatu kurudi. Hapo ni mililita 10 hadi 20 kwa kilo, kwa dakika 30 hadi 60, unamwangalia. Mwenye dalili moja au mbili hamwagiwi haraka. Kama waandika miongozo walichukua miaka mitano, muda uliobaki umepotelea njiani, kati ya kitabu na wadi yako.

#5 Zamu ya Usiku

Mapigo nilipima, rangi ya kidole sikuhesabu. Ndiyo hilo linaloniuma.

#6 Mama wa Watatu

Naomba kuingia ingawa si mtu wa hospitali. Mnatafuta sababu mbali, nyingine ni sisi wazazi. Mwanangu wa pili alipougua nilikaa benchi nikamwona nesi anamfuta kwa kitambaa, anamnywesha dawa, anamtazama. Hakutundika dripu. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Moyoni nilijua mtu asiyetundikiwa dripu hajatibiwa. Mama mkwe naye anapiga simu: "Wamemtundikia?" Wakamtundikia ninyamaze. Kama siku ile maji yangemdhuru, ningesema ni ajali ya Mungu, nisingejua ni kelele zangu.

#7 Mtepe

Mama wa Watatu umegusa penyewe, na mimi nitaongeza ushahidi. Hospitali ileile ya Muheza ilishiriki pia AQUAMAT, jaribio la artesuneti dhidi ya kwinini kwa malaria kali ya watoto. Watoto 5,425, nchi tisa za Afrika, likatoka Novemba 2010. Kwinini vifo asilimia 10.9, artesuneti 8.5. Hilo lilipokelewa haraka, mwaka uliofuata likawa pendekezo la dunia, leo hakuna anayekimbilia kwinini kwanza.

Hospitali moja, miaka ileile, watoto walewale wa homa. Moja limefika, moja limekwama. Kwa hiyo si Kiingereza, si fedha, si boti ya Tanga. AQUAMAT ilisema "chukua dawa mpya." FEAST ilisema "acha unachokifanya." Mtu humwambii aache kitu mbele ya mtoto anayezimika. Mkono unataka kufanya.

#8 Karafuu Kavu

Mtepe, artesuneti ilikuja kwenye boksi, na boksi lina bohari, lina mgao, lina karatasi ya maelekezo. FEAST haikuwa na boksi. Nani atasafirisha "usifanye"? Mimi nabaki kwenye gharama na njia za kufikisha, wewe baki na mikono.

#9 Mzee wa Gombani

Salaam. Mimi ni daktari, umri umekwenda. Nitasema lisilopendwa: wakati mwingine kuchelewa ni busara.

Mwaka 2001 Rivers na wenzake huko Detroit, Marekani, walionyesha kuwa mgonjwa wa maambukizi makali yaliyoingia damuni akitibiwa kwa utaratibu maalumu saa sita za mwanzo, maji mengi, mpira kwenye mshipa mkubwa wa kati, vipimo vya kila mara, vifo vinashuka sana. Dunia nzima ikakimbia. Tukaambiwa asiyefuata yuko nyuma. Yakaja majaribio matatu makubwa, ProCESS na ARISE mwaka 2014, ProMISe 2015, yakasema utaratibu ule haumshindi daktari makini anayetibu kwa kawaida. Aliyekuwa hakukimbia hakupoteza kitu.

Basi vijana mkinikuta nimekaa kimya mbele ya karatasi mpya, msidhani sisomi.

#10 Kijana wa Dharura

Shikamoo mzee wetu. Naafiki nusu. Nusu nyingine: waliosubiri hawakuwa wamekaa, waliendelea na mazoea yao, na mazoea nayo ni tiba isiyopimwa. Lusaka walipima. Wagonjwa wazima wa maambukizi makali yenye shinikizo la chini, wengi wao wana VVU, utaratibu wa maji mengi ya mapema na dawa za kupandisha shinikizo, ukilinganishwa na huduma ya kawaida. Ikachapishwa 2017. Waliokufa hospitalini: asilimia 48.1 wa utaratibu, 33.0 wa kawaida. Utaratibu ambao kwa Wazungu haukuongeza wala kupunguza, kwa wagonjwa wa Zambia uliua. Kwa hiyo swali la kwanza nikisoma ni: wagonjwa hawa ni nani, na hospitali yao ina nini?

#11 Mzee wa Gombani

Hapo umesema, na mimi nakurudishia swali lilelile. FEAST, asilimia 57 ya watoto walikuwa na malaria. Zanzibar malaria imeshuka mpaka madaktari wengine wanamaliza mafunzo hawajaona mtoto wa malaria kali. Watoto wetu ndio wale?

#12 Kijana wa Dharura

Waliangalia hilo, mzee. Madhara hayakutofautiana kati ya mwenye malaria na asiye nayo. Na zile hospitali hazikuwa na mashine za kupumulia kwa watoto, sawa na wadi nyingi za kwetu.

Kwa nini maji yaliua, hapo pana mvutano bado. Wengi tulidhani yamejaa mapafuni. Kathryn Maitland, aliyeongoza utafiti, na wenzake walirudi kwenye vifo vile mwaka 2013, wakakuta waliozidi kufa wengi walikufa kwa moyo na mishipa kushindwa, si mapafu kujaa. Uchambuzi mwingine wa 2019 ukasema maji yalizidisha asidi ya damu kwa ile kloraidi ya salaini, yakaipunguza damu nguvu, yakaharibu upumuaji. Wengine wanasema mwili wenye homa hubana mishipa ya miguuni kwa makusudi, ukiulazimisha kufungua unaunyang'anya kinga. Mimi sina upande.

#13 Hesabu Kwanza

Mfamasia hapa. Mnapitisha asilimia kama dagaa mnadani, tusimame kidogo. Nikisikia "dawa inapunguza vifo kwa theluthi" huuliza: theluthi ya wangapi?

Mfano traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu. Jaribio la CRASH-2 la 2010, majeruhi 20,211, nchi 40. Vifo vilitoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Katika majeruhi 1,000, umeokoa 15. Dawa yenyewe ni gramu moja kwa dakika 10, kisha gramu moja kwa saa nane. Kwangu hiyo ni nzuri sana. Lakini saa ina maana kuliko dozi: ndani ya saa tatu inaokoa, baada ya saa tatu vifo vya kutokwa damu vikazidi. Sasa mtu kagongwa na pikipiki Makangale, mpaka akifika mikononi mwenu ni saa ngapi? Ulizeni saa ya ajali kabla ya kuvunja kichupa.

Likaja jaribio la WOMAN la dawa hiyohiyo, 2017, akina mama 20,060 waliotokwa damu baada ya kujifungua, dawa ikapunguza vifo kwa theluthi.

#14 Mkunga wa Micheweni

Hesabu Kwanza, umetufundisha kuuliza "theluthi ya wangapi" kisha umeitupa theluthi yako mwenyewe hapo chini! Nakusahihisha kwa mapenzi. Vifo vya kutokwa damu katika WOMAN vilikuwa asilimia 1.9 wasiopewa, 1.5 waliopewa. Mama wanne katika 1,000. Kwa waliopewa ndani ya saa tatu, 1.7 dhidi ya 1.2. Theluthi ni ya hawa wa mwisho tu. Na lile walilolipanga kulipima kwanza, kufa au kuondolewa kizazi vikihesabiwa pamoja, halikupungua.

Hata hivyo naitumia, na nitaitumia. Mama wanne ni mama wanne.

Kilichonibadilisha zaidi ni jaribio la E-MOTIVE, 2023, Tanzania ikiwemo pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Dawa zote zilikuwepo zamani. Walichoongeza ni mfuko wa plastiki wenye mistari unaowekwa chini ya mama, damu inaingia, unasoma kipimo badala ya kukisia kwa jicho, kisha unafanya yote kwa pamoja bila kusubiri moja lishindwe. Kutokwa damu kukali pamoja na matokeo yake kulishuka kwa asilimia 60. Mimi nilikuwa nakisia kwa kanga. Kanga moja ikilowa nasema "kawaida." Siku moja nilipima kanga kavu na kanga iliyolowa maji kwenye mizani ya watoto. Tangu siku ile siamini jicho langu.

#15 Hesabu Kwanza

Mkunga, nimekubali, na nakushukuru. Theluthi hiyo nimeirudisha dukani.

Niongeze onyo: msiibebe traneksamiki kwenda kila penye damu. Jaribio la HALT-IT, 2020, wagonjwa 12,009 wanaotokwa damu tumboni na utumboni: vifo vya kutokwa damu asilimia 3.7 waliopewa na 3.8 wasiopewa, hakuna tofauti, ila damu kuganda mishipani na degedege viliongezeka. Mzee anayetapika damu si mama aliyejifungua.

#16 Nahodha wa Mtambwe

Nyote mnazungumza watu elfu ishirini. Sisi Pemba tuna kasa. Watu saba walikufa Kisiwa Panza mwaka 2024 kwa kula nyama ya kasa. Jaribio lake liko wapi, lisomwe na nani?

#17 Bi Mkubwa wa Wadi

Nahodha, saba ni wa 2021. Panza, Machi 2024, walikuwa tisa: watoto wanane na mtu mzima mmoja, mama wa mmoja wa watoto wale. Waliolazwa 78. Tusiwapunguze.

#18 Kijana wa Dharura

Innalillahi. Swali la Nahodha ni zito. Sumu ya kasa haina dawa yake, mgonjwa anasaidiwa tu pumzi na maji mpaka mwili ujitetee, na hakuna jaribio la kugawa wagonjwa kwa kura wala haliwezi kuwepo. Kilichopo ni taarifa za matukio, kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Lakini hata humo mna la kutumia zamu: sumu hupita kwenye maziwa ya mama. Mama kala kasa, yeye mzima, mtoto anayenyonya ndiye analegea. Ukipokea mtoto mchanga amezubaa, uliza mama alikula nini.

Na baadhi ya matukio hayo ni ya kwetu. Ambaye yuko zamu akiandika vizuri saa ya kula, saa ya dalili na dalili gani ilitangulia, daktari wa Madagaska atamsoma yeye.

#19 Tibirinzi

Narudi kwenye swali la mwanzo, "mnafanyaje". Sisi tuko wanne, wawili manesi. Alhamisi baada ya alasiri, karatasi moja tu. Mmoja anasoma, watatu wanamuuliza. Mwishoni tunaandika kwenye daftari mistari mitatu kwa Kiswahili: wagonjwa gani, walifanyiwa nini, nini kilihesabiwa. Ikizidi mistari mitatu hatujaielewa.

Karafuu Kavu, kuhusu malipo: kuna Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani, taasisi za Tanzania zinaingia bure. Inasajiliwa taasisi, si mtu, kwa hiyo ulizeni mkutubi wa chuo au mfawidhi. Jarida la Afrika la tiba ya dharura, AfJEM, liko wazi kwa yeyote. Na FEAST yenyewe inasomeka bure.

#20 Karafuu Kavu

Tibirinzi, la Hinari sikulijua. Lakini ninyi mko wanne. Kituo changu usiku ni mimi na nesi mmoja na mlinzi. Hiyo Alhamisi nitamwuliza nani, mlinzi?

#21 Tibirinzi

Mwulize mlinzi! Nasema kweli. Wetu wa mlangoni alisikiliza habari ya saa tatu na traneksamiki, sasa anaandika kwa chaki saa ya ajali kila gari ya majeruhi ikiingia.

#22 Mzee wa Gombani

Daftari hilo la mistari mitatu nalitaka. Naja Alhamisi, kama mnapokea wazee wakaidi.

#23 Zamu ya Usiku

Nimewasoma wote mara mbili. Sijui bado ni gharama, ni amri, ni mikono au ni mama mkwe. Bi Mkubwa, la shati sitalisahau.

Leo nimebandika karatasi kwenye mlango wa kabati la dawa, kwa plasta ya jeraha, gundi hatuna. Nimeandika: "Mtoto wa homa, HAHARISHI. Miguu baridi? Mapigo dhaifu na ya haraka? Bana kidole, hesabu: moja, mbili, tatu. Zote tatu ndipo." Nesi wangu kaisoma, kachukua kalamu, kaongeza chini: "Na aliyepauka? Damu je?" Sikuwa na jibu.

#24 Kijana wa Dharura

Mwambie nesi wako kauliza swali la jaribio la TRACT. 2019, Uganda na Malawi, watoto 3,196 wenye upungufu mkali wa damu. Waliangalia damu ipewe lini na kiasi gani, mililita 20 au 30 kwa kilo, na mtoto mwenye homa alikuja tofauti na asiye na homa. Nikieleza haraka nitakosea. Naingia zamu saa moja hii.

#25 Tibirinzi

Basi hiyo ndiyo ya Alhamisi. Mzee wa Gombani utasoma wewe.